Msiba Tuliomsusia Nyangeta

Jumapili, Machi. Saa moja kasoro jioni.

Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, ikaacha matope mpaka kwenye kizingiti cha chumba changu hapa Kiseke, Mwanza. Hewa ni nzito. Nimechoka mwili, ila uchovu wa mwili ningeulala tu ukaisha. Huu mwingine sijui nitaulaza wapi.

Mnaosoma hapa siku nyingi mnajua sitaji jina langu wala la kiwanda ninachofanyia kazi. Leo pia sitalitaja la kiwanda, na majina ya watu nimeyabadilisha. Yaliyotokea sijayabadilisha.

Nimetoka Sengerema kuzika. Aliyefariki ni mama mzazi wa Nyangeta, mwenzangu kazini. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina wanawake kumi na tisa. Leo tulitakiwa kuwa kumi na wanane kule, mbali na mfiwa. Nilikuwa peke yangu.

Niandike kwa mpangilio. Nikiruka mahali nitajipendelea.

Kiwanda chetu kinachakata sangara. Mimi niko mapokezi. Gari la samaki likifika kutoka mwaloni, wanakoshushia wavuvi, namchoma samaki kwa kipimajoto, nasoma, naandika kwenye fomu. Aliye baridi anapita. Aliyepata joto anarudishwa, kwa sababu huyo atamdhuru mtu mahali fulani, mtu ambaye hatutamjua kamwe.

Tangu mwaka jana magari ya wakala mmoja yakawa yanakuja na barafu kiduchu. Samaki wanafika na joto. Supavaiza wetu, Bwana Deo, akaniambia niandike nyuzi mbili. Kipimajoto kinasoma tisa, kinasoma kumi na moja, mimi naandika mbili. Magari ya mawakala wengine yakija hivyo yanarudishwa, la huyu linapita. Baadaye Bwana Deo akaanza kuja kazini na pikipiki mpya, na kila mtu alijua imetoka kwa nani.

Mwandiko kwenye fomu zile ni wangu. Sahihi ni yangu. Nilifanya hivyo miezi saba.

Jioni nikirudi nilikuwa naandika namba za kweli kwenye daftari langu: tarehe, saa, namba ya gari, joto. Sikuwa na mpango wowote. Nadhani nilitaka pawe na ukurasa mmoja ambao sijadanganya.

Januari wakabandika bango kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Lina namba ya simu ya makao makuu, unapiga bure, unatoa taarifa ya jambo lolote baya. Chini wameandika kwamba siri yako italindwa. Watu walilicheka. Kabula wa idara ya kukata minofu alisema, "Hiyo namba ukipiga inaita mezani kwa Deo." Nami nilicheka. Nilichukua wiki tatu kuamua. Halafu siku moja ya mapumziko nikapiga, nikamsomea yule dada daftari langu lote tangu mwanzo. Alinisikiliza karibu saa nzima. Mwisho akaniuliza, "Dada, haya umeyakumbukaje?"

Nikamwambia nimeyaandika.

Wiki mbili baadaye wakaguzi wakaja. Walichukua fomu zote, wakaita watu mmoja mmoja ofisini, mimi nikiwemo. Wakasimamisha mapokezi ya yule wakala. Ndipo likatokea lile ambalo sikulifikiria kabisa, mimi ninayejiita mtu wa kufikiri: samaki walipopungua, vibarua wa minofu wakaambiwa wabaki nyumbani mpaka watakapoitwa. Kumi na wawili kati ya wenzangu wa kikundi ni vibarua wa minofu.

Bwana Deo hakusimamishwa. Uchunguzi unaendelea, wanasema. Alihamishiwa bohari, na huko bohari ana muda mwingi wa kupiga soga.

Wanawake wakaanza kumtafuta mchongezi. Hawakuhitaji siku nyingi. Nyangeta ni Mjita, mtoto wa wavuvi waliohamia Sengerema kabla hajazaliwa, na mdomo wake hauna pazia. Desemba aligombana na Bwana Deo mbele ya kila mtu kuhusu barafu. Alimwambia, "Siku moja mtanikumbuka." Wakaguzi walipokuja walimweka ofisini muda mrefu kuliko wengine, sijui kwa nini, labda kwa sababu anajibu maswali. Bwana Deo akawa anasema bohari, taratibu, kama mtu anayejiongelea mwenyewe: "Mimi simtaji mtu. Ila kuna aliyesema tutamkumbuka."

Basi ikawa ni Nyangeta.

Waliobaki kazini walianza kwa kutomsalimia. Akiingia chumba cha chakula, meza inakuwa imejaa. Nyangeta alikataa kwamba ni yeye mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, mara ya tatu akasema, "Aminini mnavyotaka, ila ningekuwa mimi ningewaambia usoni." Hiyo ndiyo ilikuwa kweli kuliko zote, na hakuna aliyeisikia.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa meza ileile iliyojaa.

Hakuna ambaye angenishuku. Mimi ni katibu wa kikundi, hata jina langu kazini ni Katibu. Nacheka panapochekwa. Nilimsalimia Nyangeta tukiwa wawili tu, tukiwa wengi nilishughulika na sahani yangu. Hili naliandika likiwa na aibu yake yote.

Nilijaribu jambo moja. Nilipiga tena ile namba, nikaeleza kuwa kuna mtu anaumia bure, nikawaomba waje kiwandani waseme tu kwamba siye yeye. Wasitaje jina langu, waseme tu siye yeye. Yule dada alikuwa na sauti nzuri, hakuwa na haraka. Akasema, "Dada yangu, kanuni yetu ni kwamba hatusemi ni nani, na hatusemi si nani. Tukisema si huyu, kesho watauliza kuhusu yule, mpaka watakufikia wewe."

Ni kweli. Nilifikiri sana nikaona ni kweli kabisa. Siri yangu ilikuwa imelindwa vizuri mno, na ukuta wake ulikuwa Nyangeta.

Alhamisi mama yake akafariki. Alikuwa amelazwa siku nyingi.

Kwetu, mtu wa kikundi akifiwa, katibu anarusha tangazo kwenye kundi la simu, anaandika siku ya mazishi na saa ya kukutana kivukoni. Tunavaa kanga za sare. Tunabeba masufuria makubwa, tunapika sisi, ili wafiwa wasishike mwiko. Nina daftari la mahudhurio, miaka minne sasa, na hatujawahi kukosa msiba hata mmoja. Tulimzika hata baba mkwe wa mtu ambaye alikuwa ameachika.

Nyangeta alinipigia mwenyewe Alhamisi jioni. Hakulia. Alisema, "Katibu, mama ametangulia. Tunazika Jumapili, Jumamosi ni Sabato yetu. Wajulishe wenzangu."

Niliandika tangazo. Kabla sijalirusha nikampigia mwenyekiti, Mama Zuhura wa Igogo. Ni mama mtu mzima, mwenye huruma, aliyewahi kunilaza kwake nilipougua malaria.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nyangeta amefiwa na mama yake."

"Marahaba. Mungu amrehemu." Akashusha sauti. "Hilo tangazo usilirushe, Katibu."

"Mama, ni mama yake mzazi."

"Nimesikia ni nani. Wanawake wana mwezi hawajafanya kazi. Nikiwaita wakapike kwa Nyangeta, watanipika mimi. Acha."

Kabula alikuwa hapo kwake. Nikamsikia kwa nyuma akisema, "Si ana wakaguzi? Wakamchimbie kaburi." Kuna mtu akacheka.

Na mimi nikaacha.

Naomba mtu asinisifu kwamba nilikwenda. Niliacha kwanza. Ijumaa nzima, Jumamosi nzima, lile tangazo lilikuwa kwenye simu yangu limeandikwa tayari, na nilichokuwa nakiogopa hakikuwa Mama Zuhura. Niliogopa kwamba nikimtetea Nyangeta kwa nguvu, wataniangalia mara mbili.

Leo asubuhi nilivaa sare yangu nikaenda kivukoni Kamanga na mvua. Nilifika mapema na nikasimama palepale tunapokutanaga, kama mjinga, nikitazama kama kuna kanga nyingine inakuja. Kivuko kikajaa, kikaondoka. Ng'ambo nikapata gari mpaka Sengerema mjini, halafu bodaboda mpaka kwao.

Nilifika watu wamekwisha kuketi. Nyangeta alikuwa amekaa mkekani na shangazi zake. Aliponiona alinyoosha shingo kutazama nyuma yangu.

Alitazama muda mrefu kidogo. Halafu akashusha macho.

Ibada ilikuwa nzuri. Kwaya ya kanisa lao iliimba, mchungaji hakurefusha. Kaburini mshereheshaji alianza kuita makundi kuweka mashada: watoto, wajukuu, wakwe, majirani, akina mama wa kanisa. Kisha akasoma kwenye karatasi yake, "Wafanyakazi wenzake na dada yetu Nyangeta, kutoka Mwanza."

Nikasimama. Nilikuwa na shada moja nililolinunua njiani.

"Wafanyakazi kutoka Mwanza," akarudia, akitazama juu ya vichwa vya watu. "Tusogee jamani, tusogee wote."

Nikasogea. Akaniangalia, akashusha kipaza sauti. "Wengine wako njiani, dada?"

"Niko mwenyewe," nikasema.

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini mahali pale palikuwa kimya, na nadhani walisikia mpaka waliokuwa nyuma. Nikaweka shada. Udongo ulikuwa umelowa, nikapiga hatua mbaya, mjomba mmoja akanidaka mkono. Wakati narudi niliona nyuso. Sengerema wanajua, kama sisi sote tunavyojua, kwamba mtu hasusiwi msiba hivihivi. Hakuna anayeuliza kama alikosewa. Wanauliza amefanya nini.

Na waliuliza. Baada ya mazishi kaka yake mkubwa, mtu mpole mwenye mvi kidogo, alinivuta pembeni ya nyumba.

"Dada, samahani. Wewe ni mgeni wetu, sitaki kukukera. Ila mdogo wangu huko kazini ameiba?"

"Hapana, kaka."

"Maana kuna wazee hapa wameshaanza kusema maneno mengine, mabaya kuliko wizi. Mama alikuwa anaumwa muda mrefu. Unanielewa."

Nilimwelewa. Huku kwetu neno hilo halihitaji kutajwa. Mtu anaweza kuishi nalo mpaka kufa kwake, na watoto wake wakalirithi.

Na mimi nikamjibu, "Ni zamu tu, kaka. Wengi wako zamu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Jumapili, kwa mtu aliyetoka kumzika mama yake.

Alinishukuru. Aliamini, au aliamua kuamini. Akaenda kuwaambia wazee kwamba ni zamu. Nilimwona akiwaeleza kwa mikono, na mzee mmoja akitikisa kichwa, kwa sababu hakuna zamu inayowashika watu kumi na saba Jumapili.

Hapo nikaenda kumtafuta Nyangeta. Alikuwa nyuma ya jiko la nje, anaosha mikono kwenye ndoo. Mfiwa mwenyewe alikuwa ameshika mwiko, kwa sababu wapishi hawakutosha.

Aliniona akasema, "Katibu, Mungu akubariki. Umeniokoa na aibu. Sitasahau."

Ningeweza kunyamaza. Nataka hilo lijulikane, kwamba hata pale njia ya kunyamaza ilikuwa wazi, na ingekuja na shukrani juu yake.

Nikamwambia, "Nyangeta, ni mimi niliyepiga ile simu."

Hakuelewa mara moja. Aliendelea kujifuta mikono kwenye kanga. Kisha akaacha.

"Simu ya wakaguzi?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwanzo wa Februari."

Nilimwona anahesabu, meza kwa meza, salamu kwa salamu. Nilitegemea kofi. Nadhani nililitaka.

"Na tangazo la msiba?" akauliza.

"Sikulirusha."

Akakaa kwenye kigogo. Akasema polepole, bila kuniangalia: "Kupiga simu ulifanya vizuri. Samaki wale wangeua mtu. Hata mimi ningepiga kama ningekuwa na hesabu kama zako. Lakini kaka yangu ameniuliza, mama akiwa bado hajafukiwa, kama mimi ni mwizi."

"Nisamehe, Nyangeta."

"Nikusamehe mimi ili iweje? Mimi najua sikupiga. Usije kuniambia mimi ninachokijua tayari halafu ukaondoka umepata nafuu. Kawaambie wasiojua." Kisha akainuka, akapakua wali na maharage kwenye sahani, akaniwekea mkononi. "Kula kwanza. Umetoka mbali."

Nilikula nimesimama. Chakula kile kilikuwa kigumu kukimeza kuliko chochote nilichowahi kula, na nilikimaliza chote, maana kukiacha kungekuwa tusi jingine.

Kabla ya kuondoka nilimwendea kaka yake. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, kwamba hakuna zamu, kwamba dada yake amesingiziwa jambo nililolifanya mimi na wala si jambo la wizi. Nikamwomba awaambie wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa mkono. Alisema tu, "Ungekuwa umewaambia mwenyewe," na alikuwa na haki. Wazee walikuwa wamekaa hatua chache kutoka pale. Basi nikaenda nikapiga magoti, nikawaambia mwenyewe. Mmoja alikuwa hasikii vizuri, ikabidi nirudie kwa sauti. Watu wengi wakageuka.

Sijawahi kutaka ardhi inimeze kama pale.

Kwenye kivuko cha kurudi sikukaa. Nilisimama upande wa mizigo nikaandika ujumbe kwenye kundi. Niliufuta mara nyingi, kila mara ukawa mfupi zaidi. Mwanzo ulikuwa na sababu: barafu, kumi na moja, mtu ambaye hatutamjua. Yote nikayatoa. Umebaki hivi:

"Aliyetoa taarifa kwa wakaguzi ni mimi, Katibu, si Nyangeta. Tangazo la msiba wa mama yake sikulirusha, na hilo ni kosa langu. Tumemzika leo. Nilikuwa peke yangu. Matanga yanaondolewa Jumatano."

Nimeutuma nilipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, maana najijua.

Najua pia kinachofuata, au sehemu yake. Shemeji yake Bwana Deo yumo kwenye kundi lile. Atasema fomu zote zina mwandiko wangu, na hatakuwa anasema uongo. Makao makuu watasema waliniahidi siri na mimi mwenyewe nimeivunja, nao hawatakuwa wanasema uongo. Chumba hiki nalipa kwa mshahara huo na sina mwingine. Nimejaribu kupiga picha ya mwezi ujao kichwani, nimeshindwa, nimeacha.

Ujumbe umesomwa na kumi na sita. Dakika arobaini hakuna aliyeandika neno. Kabula akawa wa kwanza: "Katibu acha utani." Kisha mwingine: "Watoto wetu wamelala na uji mwezi mzima Katibu. UJI." Kisha wakaandika wengi kwa mpigo, nikaacha kusoma. Wana haki ya kusema. Nimeamua sitajitetea humo.

Halafu Mama Zuhura akapiga. Nilipokea nikampa shikamoo, hakuitikia. Nilimsikia anapumua. Nje ya kwake kulikuwa na sauti ya mtu anatwanga.

"Nilikulaza kitandani kwangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaniacha nimsusie mtu mama yake. Mimi, na umri huu. Nitamwambia nini Mungu?"

Nje ya kwake mtu aliendelea kutwanga.

"Umesema matanga Jumatano?"

"Jumatano, mama."

Akakata.

Sijui aliuliza ili aende, au ili ajue siku ya kujifungia ndani. Sitampigia kumuuliza. Jumatano mimi nitakwenda hata nikiwa mwenyewe tena, kama Nyangeta atakubali kuniona.

Kesho nina zamu ya saa moja asubuhi. Nitaondoka hapa mapema kuliko siku zote, nifike kabla yao, nikae kwenye benchi la pale mlangoni. Wakija wanikute. Sitaki hata mmoja wao apate nafasi ya kusema kwamba nilikimbia.